Mwamuzi Asiyegusa

Fundi alikuwa na kazi mbili, na ile iliyomlisha siyo iliyomharibia jina. Ya kwanza ilikuwa kushona sare za shule katika chumba kimoja chenye mlango wa mbao na dirisha linalotazama barabara. Ya pili ilikuwa kusimama ulingoni, siku za mapumziko, katikati ya watu wawili wanaopigana, na kuhakikisha kwamba wanapigana kwa adabu. Wateja walimwita Fundi wakati wa kuleta kitambaa na Refa wakati wa kudai nguo iliyochelewa, kwa hiyo muda mwingi aliitwa Refa.

Aliingia kwenye uamuzi kwa mlango wa shati. Chama cha ngumi kilimpa kazi ya kushona mashati meupe ya waamuzi wake, na siku aliyoyapeleka ukumbini ikaonekana mwamuzi mmoja hajatokea. Shati lake lilikuwepo. Nalo lilimkaa Fundi sawasawa, maana fundi akikosa vipimo vya mtu hujipima mwenyewe. Wakamwambia avae, asimame tu, mapambano yenyewe ni ya utangulizi na watazamaji bado wanatafuta viti. Alisimama. Wiki iliyofuata wakampeleka kwa mwalimu wa waamuzi, mzee mmoja mwenye pua iliyovunjika mara nyingi hata ikakata tamaa, naye akamfundisha sheria zote na neno moja la ziada: watu hawakulipa kiingilio kukutazama wewe.

Neno hilo Fundi alilichukua akalishona upya kwa kipimo chake. Waamuzi wengine, kengele ikilia au mabondia wakikumbatiana, huwaingia katikati, wakawashika mabega, wakawasukuma vifuani. Yeye aliona huo ni ushamba. Alisimama hatua mbili kando, mikono nyuma, akasema "Achaneni" mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, nao wakaachana. Kengele ikilia hakumgusa mtu. Walipomuuliza kwa nini hawashiki, alikuwa na jibu lililomfurahisha kila alipolitoa: "Bondia si mbuzi wa kusukumwa. Ana masikio, aachwe ayatumie."

Miaka ikapita kwa heshima hiyo. Mabondia walimpenda kwa sababu hakuwakaba, na watazamaji walimpenda kwa sababu walimsahau. Kwa mwamuzi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Ndipo likaja pambano la Kinu.

Kinu alikuwa kijana wa mtaa wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu alipigwa na hakuhama. Wengine wakipigwa huyumba. Yeye alisubiri mchi uchoke, kisha akaanza kazi yake. Alilelewa na mjomba wake, kinyozi mwenye kiti kimoja na vioo viwili, na huko nyuma ya kibanda cha kinyozi, chini ya gunia la maranda lililoning'inizwa kwenye boriti, ndiko alikofundishwa ngumi. Mjomba ndiye aliyekuwa kocha, msimamizi wa kona, mshika taulo na mlipaji wa nauli. Kinu mwenyewe alikuwa mpole, mtazamaji wa nyuso, asiyependa maneno. Mtaani walisema ana kiburi, kwani uliweza kumsalimia asubuhi akakupita kama mti, na jioni akakukumbatia kama ndugu.

Ilipotangazwa kwamba Kinu atapigania ubingwa na kwamba mwamuzi ni Fundi, mjomba alikwenda ofisi ya chama kuomba apewe mwamuzi mwingine. Walimuuliza sababu, hakuitoa. Asiyetoa sababu, wenzake humtolea: wakaona kinyozi anatafuta mwamuzi wa kuongea naye pembeni. Wakamnyima. Habari zilimfikia Fundi kabla hajamaliza kukunja pindo la suruali iliyokuwa mkononi mwake, akaudhika kama anavyoudhika mtu mwaminifu, yaani kwa muda mrefu. Aliamua kwamba siku hiyo atanyooka mara mbili.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Kinu alipigwa raundi mbili za mwanzo, mchi ukachoka, akaanza kutwanga. Mwisho wa raundi ya tatu, kengele imeshalia, akatupa ngumi iliyompata mwenzake begani. Fundi alimwita katikati akamwonya. Kinu alimtazama mdomoni kwa makini, akatikisa kichwa kukubali. Fundi aliipenda adabu ile. Si mabondia wengi wanaosikiliza namna hiyo.

Raundi ya tano ikawa vilevile, ngumi baada ya kengele, safari hii ya shavuni. Fundi akamkata pointi. Alipogeuka aliona kwamba mjomba, kule kona, alikuwa akiupiga ukingo wa ulingo kwa kiganja kila raundi ikiisha, pa pa pa, kama mtu anayefukuza panya. Fundi hakupenda fujo. Alimwendea akamwambia aache, na kwamba akisikia tena ule mlio atamtoa ukumbini.  Mjomba akaificha mikono yake kwapani.

Raundi ya saba Kinu alikuwa ameshalishika pambano. Kengele ikalia. Mpinzani akashusha mikono, akageuka aende zake akakae. Kinu akaona taya wazi, akaipiga.

Yule bwana alianguka kama shati lililotoka kwenye kamba. Fundi alitazama saa, akamtazama daktari, akamtazama mtu aliyelala, na sheria ikamjia akilini nzima, bila kukosa kituo. Alipunga mikono juu ya kichwa. Kinu kaondolewa mchezoni. Bingwa akatangazwa akiwa amekalishwa kwenye kiti, watu wawili wamemshika asidondoke, na mkono wake ukainuliwa na Fundi, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na nguvu za kuuinua.

Viti viliruka. Fundi alitokea mlango wa nyuma, tai ikiwa mfukoni. Gazeti la kesho yake lilichapa picha ya Kinu na maneno *Sikio la kufa halisikii dawa*, na wenye kulisoma wakasema kweli, kaonywa mara ngapi. Lakini mtaa haukusoma gazeti. Mtaa ulitazama kupitia dirishani kwa Fundi, na wiki ileile ukaona cherehani mpya ya umeme.

Cherehani ile Fundi alikuwa ameilipia kidogokidogo tangu zamani, na mwenye duka aliamua kuileta siku aliyoamua. Bahati mbaya huwa haiulizi kalenda. Mtaa ukajumlisha: kijana wetu kaporwa mkanda, na mporaji kapata cherehani. Wakaibatiza jina. Iliitwa Mashine ya Kinu. Hata watoto waliotumwa kuchukua nguo waliuliza kama sketi imeshapita kwenye Mashine ya Kinu, bila ubaya wowote, kama wanavyouliza jina la barabara.

Shemeji yake, mdogo wa mke wake, ndiye aliyeifanya iwe ngonjera. Kila akija alisimama mlangoni, akaisikiliza ikivuma, akasema, "Shemeji, mashine inaimba. Ni wimbo wa mkanda wa Kinu huo?" Fundi alimweleza sheria: kengele ikishalia, raundi imekufa, na ngumi inayopigwa kwenye raundi iliyokufa ni uhalifu. Shemeji alisikiliza yote, akauliza, "Na cherehani ina mipigo mingapi?"

Chama kilikaa kikalipitia pambano. Kikakuta kwamba uamuzi ulikuwa sahihi kwa kila kipengele, kikampongeza Fundi kwa maandishi, na hakikumwita tena.

Kinu alifungiwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha angeruhusiwa kurudi, mradi apimwe upya na daktari, mwili mzima. Mwaka uliisha na hakwenda kupimwa. Aliajiriwa kwenye mashine ya kusaga nafaka, kubeba magunia na kulisha kinywa cha mashine. Mtaa ulisema wamemvunja moyo. Wengine walicheka kidogo kwamba hatimaye Kinu kafika kwenye unga. Alipopita barabarani walimpisha, wakamwita bingwa, na hakuna aliyetania neno hilo.

Fundi alitaka kitu kimoja tu. Hakutaka kurudi ulingoni wala kuombwa radhi. Alitaka Kinu mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mtu mmoja hata awe shemeji, aseme kwamba kengele ilikuwa imelia. Maneno matatu. Alimsubiri kama mtu anavyomsubiri mteja aliyeacha nguo: hujui lini, lakini nguo yake ipo.

Mke wake hakumuuliza kitu miaka yote. Hilo nalo lilimchoma, maana asiyeuliza ama anaamini au ameshajijibu. Aliposhikwa na maradhi yaliyomaliza habari yake, siku moja mchana, Fundi akimrekebishia mto, alimshika mkono akasema kwa upole mkubwa, "Mume wangu, kama walikupa, mimi nilishakusamehe zamani."

Fundi alibaki na mto mkononi. Alitaka kueleza tena, raundi ya tatu, ya tano, ya saba. Akaona mgonjwa amechoka. Akasema, "Asante."

Akazikwa na msamaha wake, na Fundi akarudi kwenye sare. Shule ya pale karibu ilikuwa imeagiza kwamba nguo zote zishonwe kwa fundi mmoja ili rangi zisipishane, na fundi huyo alikuwa yeye. Hata wasiomsalimia walilazimika kumletea mabega ya watoto wao ayapime.

Ndivyo Kinu alivyoingia dukani, miaka mingi baada ya mambo yote, ameshika mkono wa binti yake anayeanza darasa la kwanza. Alikuwa amenenepa shingo, na nywele zake zilikuwa na vumbi la unga lisilotoka kwa kunawa. Alisema, "Sare," akaonyesha mtoto, kisha akawapa mgongo, akasimama akitazama nguo zilizoning'inizwa ukutani. Fundi alielewa. Mtu aliyeporwa halazimiki kumtazama mporaji.

Alimsimamisha mtoto juu ya kigoda, akampima bega, kiuno, urefu wa sketi.  Alipoinuka, kiwiko kiligonga meza, na mkasi wa kukatia kitambaa, ule mzito wa chuma, ukaanguka kwenye sakafu ya saruji, nyuma kabisa ya visigino vya Kinu.

Mtoto aliruka karibu adondoke kwenye kigoda. Mbwa wa jirani alibweka. Kinu aliendelea kutazama nguo.

Fundi aliutazama mkasi. Akautazama mgongo ule mpana. Polepole, kwa sauti yake ileile ya kuombea chumvi, akaliuliza swali alilokuwa amelibeba miaka yote: "Kinu. Kengele haikuwa imelia?"

Mgongo haukujibu.

"Baba ukimtaka," mtoto alisema, kama anayemfundisha mtu mzima asiyejua kula, "unamgusa kwanza."

Fundi hakumgusa. Alimaliza kupima, akasogea mpaka mbele ya macho ya Kinu, akasema siku ya kuchukua nguo. Kinu alimtazama mdomoni kwa makini, akatikisa kichwa, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kuiwasha. Pambano lote lilipita mbele yake upya, ila safari hii alikuwa amesimama pahala pengine. Yale macho mdomoni. Kiganja cha mjomba kwenye mbao. Na mapambano mengine yote ya Kinu, masafi, bila onyo hata moja, chini ya waamuzi washamba wanaosukuma vifua.

Siku hiyohiyo alifunga duka, akaenda kwa kinyozi. Hakuwa amekanyaga pale tangu pambano. Alikuwa akinyolewa mbali, kwa mtu asiyependa ngumi. Mjomba alikuwa mzee sasa, na wembe ulimtetemeka hewani lakini ulitulia ukigusa ngozi. Alimwona mlangoni, akatikisa shuka, akamwonyesha kiti. Alimpaka povu bila kuuliza amekuja kwa nini. Ndipo Fundi, akiwa amelegeza kichwa nyuma na koo lake liko wazi mbele ya mtu mwenye haki ya kulikata, akamuuliza ilianza lini.

Mjomba alimweleza huku akinyoa. Sikio moja lilikufa Kinu akiwa bado kijana, kwa ngumi za mazoezi. La pili lilikuwa likififia pambano baada ya pambano. Daktari wa mapambano alikuwa mtu wa haraka: alisimama mbele yako, akauliza unanisikia, na Kinu, aliyekwisha jifunza midomo ya watu, akajibu ndiyo. Kengele hakuisikia kabisa. Lakini mwamuzi akimgusa, aliacha. Asipoguswa, mjomba aliupiga ukingo wa ulingo, na Kinu akaipata kengele kwa nyayo. Njia mbili walikuwa nazo, na kwa miaka yote zilitosha.

"Waamuzi wote walimshika," mjomba alisema. "Wewe peke yako ndiye ulikuwa mstaarabu."

 Wembe ulipanda shavuni, ukashuka.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ningekwambia, ungemwacha apigane?"

Fundi alifikiri kweli. Wembe ulimsubiri.

"Nisingemwacha," akasema.

"Basi tulia, nitakukata."

Alipomaliza kumfuta povu, Fundi alisema kwamba mambo haya watu wakiyajua, kila mtu atapona: Kinu hataitwa mhuni wa magazetini, naye Fundi hataitwa mwizi. Alisema hivyo kwa matumaini yaliyomshangaza mwenyewe. Aliiona sura ya shemeji akiomba radhi. Aliuona udongo wa kaburi la mke wake, na yeye amesimama pale akimwambia, unaona sasa.

Mjomba alikung'uta shuka nje ya mlango. Nywele za watu wa asubuhi zikapeperuka na za Fundi.

"Kule kazini wote ni viziwi mpaka saa ya kufunga," akasema. "Mashine inaguruma, wanaongea kwa mikono, hakuna anayejua kwamba yeye ni kiziwi wa kweli. Wakizima, anaondoka wa kwanza. Mtaani wanampisha kwa sababu alidhulumiwa. Mke alimpata hivyo. Ukimpokonya dhuluma yake, mwanangu, atabaki na nini? Atabaki kiziwi aliyemdanganya daktari, akampiga mtu aliyempa mgongo."

Fundi aliuliza bei ya kunyolewa. Mjomba akamwambia aende.

Ile sare aliishona vizuri kuliko inavyostahili kushonwa nguo ya mtoto atakayeikalia kwenye vumbi. Aliweka pindo pana la kuteremshwa mtoto akikua. Aliishona kwenye mashine ileile, hakuwa na nyingine, nayo ilivuma kama kawaida yake, na shemeji hakuwepo kuisikia.

Kinu alikuja peke yake siku ya ahadi. Alikuta duka wazi na Fundi yuko chumba cha nyuma akipiga pasi, naye akasimama na kukipa chumba hicho mgongo, akiitazama barabara. Fundi alitoka na sare mkononi. Angeweza kuzunguka ajitokeze mbele, kama walivyofanya watu wote bila kujua kwa nini. Akasimama. Alikuwa hatua mbili kando, mahali pake pa siku zote.

Akapiga hatua hizo mbili. Akaweka mkono wake wazi juu ya bega la Kinu, kwa uzito kidogo, kama anavyoweka mwamuzi.

Kinu alishusha mikono. Akarudi nyuma hatua moja, safi, kidevu kifuani, akasimama akisubiri. Vyote hivyo vilitokea kabla hajakumbuka yuko wapi. Kisha akageuka, akauona uso wa Fundi, akaelewa kwamba siri imeshatoka. Walitazamana. Bondia alikuwa na macho ya mtu aliyekutwa bila nguo.

"Nani kakwambia?" Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile, hakujua.

"Hakuna," Fundi alisema, akiupanua mdomo ili usomeke. "Mkasi ulianguka."

Kinu alitazama sakafu, pale ulipoangukia, kana kwamba ungali pale. 

"Usiseme."

"Nitamwambia nani?"

"Wewe wanakuita mwizi."

"Wameshazoea," Fundi alisema. "Na mimi pia."

Kinu alichukua sare, akaifungua, akaigeuza ndani nje akitazama mishono kama mtu anayejua kushona, naye hakujua. Akaikunja. Mlangoni alisimama, akageuka mzima ili aone atakachojibiwa, akasema, "Kengele. Ililia?"

Fundi alikuwa amesubiri maneno hayo miaka mingi, ila aliyategemea yaje bila swali mwishoni.

"Ililia," akasema. "Nilipaswa kukugusa."

Kinu alisoma maneno hayo mpaka mwisho. Akatikisa kichwa, kama alivyotikisa raundi ya tatu, akaondoka na kifurushi kwapani.

Hakufika kona, shemeji akaingia. Alikuwa amemwona Kinu akitoka, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota kitu. Aliegemea mlango, akaitazama cherehani, akamtazama Fundi.

"Shemeji, huyo si Kinu? Kaja kudai mashine yake?"

Fundi alikaa, akatia uzi kwenye tundu la sindano. Haukuingia. Akaulowanisha mdomoni, akajaribu tena.

"Ndiyo," akasema. "Nimemwambia arudi kesho."